Pijo za Zamani na Watu Wanaozifufua

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na mwenye simu aizime kwanza.

Mwaka 1968, msimu wa Pasaka, magari 93 yaliingia barabarani kushindana katika East African Safari. Njia yake ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 5,000, ikikata Kenya, Uganda na Tanzania. Ninyi watoto wa Nyarugusu, hapa Geita, hamhitaji kuelezwa Pasaka ina maana gani kwa dereva. Ni masika, udongo umelewa maji, na Fuso lililobeba mawe ya dhahabu likizama linalala hapohapo mpaka jua litoke. Yale magari 93 yaliikuta mvua ya namna hiyo usiku na mchana, kwenye barabara za udongo, milimani na mabondeni. Yaliyofika mwisho ni 7. La kwanza kati ya hayo 7 lilikuwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wenu walilijua kwa jina la Pijo.

Waliokuwa ndani yake ni Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyeishi Kenya, na mwenzake Paddy Cliff. Sasa sikilizeni ajabu. Miaka mitano nyuma, mwaka 1963, mvua ilikuwa imefanya vilevile: yalianza magari 84, yakamaliza 7, na washindi wakawa haohao Nowicki na Cliff, ndani ya Pijo 404. Mpaka leo watu wa Safari wanawataja wale saba wa 1963 na wale saba wa 1968 kwa heshima ya pekee, kwa kuwa walikataa kuzama.

Niwape na la nyumbani. Katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1966 na tena 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakiishi Tanzania. Shankland alikuwa Mskoti. Gari lao? Pijo 404. Mwaka 1966 ndio mwaka ambao mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa, ule uliochimbwa tangu miaka ya 1930, kabla hata ya kufikiriwa huu mkubwa ulioanza mwaka 2000. Kwa hiyo mkikutana na mzee anayekumbuka siku mitambo ya Geita ilipozimwa, mwulizeni kama aliwahi pia kusikia redioni jina la Shankland. Mnaweza kupata hadithi ambayo hata mimi sijaipata.

Kwa jumla Pijo ilishinda Safari mara sita. Nne ni hizo za 404. Mbili ni za mdogo wake, 504: mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Hizo mbili hazikupita kwetu, maana wakati huo Safari ilikuwa imebaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Sasa niwaulize. Gari linaloshinda tope kiasi hicho mnadhani lilitengenezwa kwa ajili ya kina nani? Wengi mtasema: kwa madereva wa mashindano. Hapana. Pijo 404 ilizinduliwa mwaka 1960 iwe gari la familia. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini ilikuwa ya lita 1.6, ambayo leo mnaiona ni ya kawaida kabisa. Alilinunua daktari, alilinunua mnunuzi wa pamba, alilinunua mkulima wa Ufaransa aliyehesabu kila sarafu. Lilitakiwa libebe watu na mizigo kwenye barabara mbovu, linywe petroli kidogo, na lidumu. Basi. Huko kudumu ndiko kulikolipeleka mbele ya magari yenye mbio kuliko lenyewe.

Twendeni tufungue boneti, maana siri iko humo.

Cha kwanza mtakachoona ni kwamba injini haikusimama wima. Imelazwa upande, nyuzi 45, ili boneti iwe fupi kwa kimo. Mbele yake kuna feni. Magari mengi ya wakati ule feni yake ilizunguka muda wote injini ikiwa hai, ikila nguvu na mafuta hata asubuhi ya baridi. Feni ya 404 ilishikwa na sumaku ya umeme: maji ya rejeta yakiwa na ubaridi inaachiwa, yakipanda joto inashikwa na kuzunguka. Mfaransa mmoja huko kiwandani alikaa akafikiri jinsi ya kumwokolea mwenye gari matone machache ya petroli kila siku. Mimi watu wa namna hiyo nawapenda sana.

Kitu kinachowapendeza mafundi zaidi kimejificha ndani ya bloku. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, mamilioni ya mara, na mwisho silinda inalika. Katika injini nyingi silinda imetobolewa kwenye chuma chenyewe cha bloku, hivyo ikilika ni lazima bloku lipelekwe kwenye mashine litanuliwe, kisha zitafutwe pistoni kubwa zaidi. Ukishatanua mara kadhaa chuma kimekwisha, bloku linatupwa. Injini ya Pijo ina slivu, bomba la chuma linalochomolewa, na maji ya kupoza yanapita nje yake. Slivu ikilika unaichomoa na kuweka mpya pamoja na pistoni yake na ringi zake, kama fundi viatu anavyobadilisha soli na kuiacha ngozi ya juu. Bloku linabaki. Linaweza kubadilishiwa slivu leo, na tena siku gari likiwa mikononi mwa mjukuu wa mwenyewe.

Kazi hiyo ina adabu zake. Chini ya slivu kuna sili inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Juu, slivu ni lazima ichomoze kidogo kupita uso wa bloku, sehemu chache za mia za milimita, ili silinda hedi ikifungwa iikandamize gasketi sawasawa. Ikizama, maji na oili vitachanganyika. Na ukishatoa silinda hedi, usizungushe injini kabla hujazibana slivu zisitoke mahali pake, maana pistoni zitazivuta na sili zitaharibika. Fundi anayejua hivyo haongei sana. Anapima, anafuta, anapima tena.

Springi nazo. Ile Pijo ya mzigo na abiria wengi, yenye mgongo mrefu na viti safu tatu, ilikuwa na springi mbili kila upande wa nyuma, jumla nne. Ndiyo maana kule Kenya ilifanya kazi ya kubeba abiria kati ya mji na mji kwa miaka mingi, imejaa watu mpaka mlangoni, na bado inakimbia. Senegal nayo ilijaa Pijo za viti saba. Ufaransa iliacha kutengeneza 404 ya abiria mwaka 1975, lakini Kenya iliendelea kuziunganisha miaka mingi baadaye, na 504 vivyo hivyo. Nigeria walikuwa na kiwanda chao cha Peugeot mjini Kaduna. Ukiniuliza mimi, katika miaka ile gari hili lilikuwa la Kiafrika kuliko lilivyokuwa la Kifaransa.

Kwenye pua ya kila Pijo mtamwona simba. Msidhani aliwekwa kwa ajili ya mbuga zetu. Ukoo wa Peugeot ulianza kufua chuma mwaka 1810, wakigeuza kinu cha kusaga nafaka kuwa karakana. Walitengeneza misumeno, springi, vinu vya kusagia kahawa na pilipili. Simba alikuwa alama ya misumeno yao, iliyosajiliwa mwaka 1858: meno makali, mwili unaopinda bila kuvunjika, mwendo wa haraka wa kukata. Magari yalikuja baadaye kabisa. Hapa Nyarugusu, ambapo mchana kutwa tunasikia makarasha yakisaga mawe, sioni ajabu kwamba watu wa vinu na misumeno ndio waliokuja kutengeneza gari gumu.

Lakini Pijo ilikuwa gari la mtu mwenye uwezo kiasi. Chini yake kulikuwa na gari la mtu asiye na kitu, na hilo nalo lazima niwasimulie.

Katika miaka ya 1930, kampuni ya Citroën iliongozwa na bwana mmoja aliyeitwa Pierre-Jules Boulanger. Aliwaangalia wakulima wa vijijini Ufaransa wakienda sokoni kwa farasi na mikokoteni, akawapa wahandisi wake agizo. Alitaka gari litakalobeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kwa lita 3 za petroli kila kilomita 100. Liweze kukatisha shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai, na yasivunjike hata moja. Mhandisi André Lefèbvre na wenzake wakaanza kazi. Kabla gari halijatoka, mwaka 1939 vita vikaanza, na Wajerumani wakaingia Ufaransa. Yale magari ya majaribio yaliharibiwa au kufichwa ili siri isichukuliwe. Matatu kati yake yalikuja kuonekana mwaka 1994, yamekaa ghalani zaidi ya miaka 50.

Gari lenyewe, Citroën 2CV, lilioneshwa Paris mwaka 1948. Waandishi wa magazeti walilicheka. Paa lilikuwa la turubai la kukunja, viti vilikuwa vya kitambaa kilichotandikwa kwenye mabomba, na injini ilikuwa ya cc 375. Pigeni hesabu hii: bodaboda mnazopanda nyingi zina injini ya cc 125. Jumlisheni tatu. Ndiyo injini nzima ya gari la watu wanne! Na kama bodaboda, ilipozwa kwa upepo, haikuwa na rejeta wala maji ya kuchemka. Wananchi hawakucheka. Walijiandikisha, wakasubiri kwa miaka ili wapate. Lilitengenezwa mpaka mwaka 1990, la mwisho likitoka kiwandani Ureno, na jumla yake ilipita milioni 3.8, mbali na zile za mizigo.

Mwaka 1961 Renault nao wakatoa gari la jamii hiyo, Renault 4, lenye sakafu bapa na mlango mkubwa wa nyuma wa kuingizia gunia au mbuzi. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 8. Vukeni bahari hapo jirani mpaka Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, mtakuta mji wa vilima vikali ambao teksi zake zimekuwa Renault 4 na 2CV kwa miaka na miaka, zimepakwa rangi ya maziwa, zikipanda mawe ya barabara kwa gia ya kwanza. Dereva mwenyewe ndiye fundi wake. Na kaskazini yetu, Ethiopia, kuna mji wa kale wenye ukuta unaoitwa Harar. Mji huo umejulikana kwa teksi zake za Pijo 404. Gari ambalo Ufaransa ililiacha mwaka 1975, mafundi wa Harar wameendelea kulichonga, kulichomelea na kulipaka rangi, likabeba abiria mpaka karne hii.

Kuna mmoja wa kuwachekesha. Mfaransa Émile Leray anasimulia kwamba mwaka 1993 alikuwa peke yake na 2CV katika jangwa la Moroko, gari likavunjika kiasi cha kutotembea tena. Alilifungua vipande vipande, akachukua injini, magurudumu mawili na sehemu ya chasisi, na kwa siku 12 akajitengenezea pikipiki iliyomtoa jangwani. Alikuwa na zana chache tu za mkononi, hana mashine ya kuchomelea. Nadhani mtu huyo angepata kazi hapa Nyarugusu siku hiyohiyo.

Sisi nasi tulikuwa na jangwa letu. Baada ya Vita vya Kagera, vya 1978 hadi 1979, nchi yetu ilikaukiwa fedha za kigeni. Petroli ikawa ya kutafutwa, hata ikafika wakati magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Spea ndiyo usiseme. Katika miaka hiyo fundi wa Kitanzania alijifunza kukata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu, kuchonga bushi kutoka kwenye mpira wa tairi kuukuu, na kumpelekea mkerezaji kipande cha chuma na kumwambia: nifanyie kingine kama hiki. Gari lisilofunguka kirahisi lilikufa. Pijo ilifunguka. Nati zake ni za milimita, hazichanganyi na za inchi kama magari ya Kiingereza ya enzi hizo, na chini ya boneti mkono unafika kila mahali.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Datsun na Toyota zilikuwa zimeshaingia tangu zamani, na kuanzia miaka ya 1980 kwenda 1990 yakaanza kumiminika magari yaliyotumika kutoka Japani, bei nafuu, spea tele. Pijo zikaanza kuegeshwa. Moja nyuma ya nyumba, nyingine chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Silaumu watu. Mwenye kutafuta ada ya shule hanunui spea kwa mapenzi.

Basi ndipo wanapoingia wale wanaozifufua. Wapo Ulaya, ambako wapenzi wa 2CV hukutana kutoka duniani kote kila baada ya miaka miwili. Wapo Nairobi, ambako tangu mwaka 1970 hufanyika onesho la magari, ya kale yakiwemo, linaloandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Msifikiri ni mchezo wa kupigia picha. Majaji huinama na kutazama chini ya gari, hufungua boneti na buti, huangalia viti na taa, kila sehemu ina alama zake. Na tangu 2003 kuna Safari ya magari ya kale, inayoandaliwa Kenya na ambayo mara kadhaa imevuka na kuingia Tanzania, ambapo magari ya umri wa baba zenu hukimbizwa tena kwenye vumbi.

Mnataka kujua kufufua kunafanywaje? Nitawaambia kazi ya kweli, na nyingi yake haina mng'aro.

Mtu anaanza kwa kupiga picha. Kabla hajalegeza nati ya kwanza, anapiga picha kila waya, kila bomba, kila komeo la mlango, kwa sababu baada ya mwaka mzima hakuna anayekumbuka. Nati na bolti anaziweka kwenye makopo, kila kopo limeandikwa ni za wapi. Kisha anavua gari nguo zote: viti, vioo, milango, injini, giaboksi, mpaka bodi inabaki tupu. Hapo ndipo ukweli unapojulikana. Kutu haianzi pale unapoiona. Inaanza mahali maji yanapolala: sakafuni chini ya zulia, kwenye kingo za chini ya milango, pale linapokaa tairi la akiba. Kwa nje rangi inameta, kwa ndani bati limekuwa chenga.

Fundi mvivu anajaza puti juu ya kutu, anapiga msasa, anapuliza rangi, anauza. Miezi michache baadaye rangi inavimba na gari linaanza kulia kutu upya. Fundi wa kweli anachukua grainda na kukata bati lote bovu mpaka afike kwenye chuma kizima, hata kama shimo litakuwa kubwa la kutisha. Anakunja bati jipya kwa nyundo na kwa subira, analichomelea kidogo kidogo akiruka huku na huku ili joto lisiupinde mwili wa gari, anasaga alama za kuchomelea, anapaka praima. Puti inakuja mwisho, nyembamba, ya kusawazisha tu. Kisha msasa wa maji, rangi, msasa wa maji, rangi. Mkono unaipima bodi kuliko jicho: anafumba macho, anapitisha kiganja, anasikia palipobonyea.

Injini iko upande mwingine, imelala mezani. Slivu mnazijua tayari. Valvu zinasagwa kwa mkono, kwa dawa ya unga laini na kijiti chenye mpira, zinazungushwa kushoto na kulia mpaka pande zote mbili zikubaliane na hewa isipite. Kabureta inafunguliwa na kuoshwa kila kitundu. Mipira yote inabadilishwa, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Waya kuukuu hutolewa zote. Kazi hiyo inaweza kula miaka, na mara nyingi fedha inayoingia humo haiwezi kurudi hata gari likiuzwa. Ndiyo maana nasema watu hawa wanapenda. Hakuna neno lingine linalotosha.

Mnaopita kila siku kwa mafundi wa karasha mmeshaona nusu ya kazi hii. Nyundo za karasha zikilika kwa mawe, wanaongeza chuma kwa kuchomelea mpaka zirudi uzito wake. Beringi ikipiga kelele, wanaisikia kabla mwenye mashine hajaisikia. Kijana aliyejifunza hapo, kisha akaenda chuo cha ufundi cha VETA kujifunza kupima na kukereza vizuri, anaweza kufufua Pijo. Kinachobaki ni subira, na gari.

Na gari linaweza kuwepo. Huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila kijiji, na mizani yao haijui kusoma: mlango wa Pijo 404 na sufuria lililotoboka vyote kwao ni kilo. Kwa hiyo, mkiwa likizo kwa bibi na mkaona gari kuukuu lenye simba puani, fanyeni hivi. Mwombeni mwenyewe ruhusa kwanza, maana mali ya mtu haiguswi. Angalieni kama nyoka au nyuki hawajahamia humo. Fungueni boneti, tafuteni kibati cha namba, kipigeni picha. Msipige starta hata kama mna betri, kwa sababu ringi zilizokauka zitakwaruza slivu. Mwiteni fundi atoe plagi zote nne, amimine oili kidogo kwenye kila tundu, na aache usiku kucha oili ishuke. Asubuhi atie hendeli pale mbele, Pijo 404 ina tundu lake, na aizungushe kwa mkono, polepole, bila kulazimisha. Ikigoma, aongeze oili na kusubiri siku nyingine. Ikizunguka, injini haijashikana, na hata kama slivu zimelika, zinabadilishika. Hapo mwambieni mwenye gari asikubali bei ya kilo.